Joe Greene: Gwiji aliyekosa kidato kimoja cha ngazi

JOE Greene alipochaguliwa na Pittsburgh Steelers mwaka 1969, mashabiki wengi wa kandanda ya Marekani mjini humo waliuliza ni nani huyo. Timu hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1933, haikuwa imewahi kutwaa ubingwa, na msimu huo ilishinda mechi moja tu kati ya 14.

Jibu halikukawia. Akiwa nguzo ya safu ya mbele ya ulinzi iliyobandikwa jina la Pazia la Chuma, Greene aliteuliwa mlinzi bora wa ligi ya NFL mwaka 1972 na 1974. Alipostaafu baada ya msimu wa 1981, Steelers walikuwa wameshinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara nne.

Mwaka 1987 alirejea Pittsburgh kuwafunza walinzi wa safu hiyo hiyo. Wakati huo NFL haikuwa na kocha mkuu hata mmoja mweusi.

Kocha Chuck Noll alipong'atuka baada ya msimu wa 1991, Greene alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa kumrithi. Kazi ikamwendea Bill Cowher, mwenye umri wa miaka 34. Greene alifunga virago akaenda Miami Dolphins, kisha Arizona Cardinals, akifanya kazi ile ile hadi 2003.

Si haki kudai kwamba Steelers walikosea, kwani Cowher aliwapa ubingwa Februari 2006. Tatizo lilikuwa katika ngazi yenyewe. Aghalabu makocha wakuu huteuliwa miongoni mwa waratibu, wanaopanga mbinu za ulinzi au ushambulizi wote. Cowher alikuwa mratibu wa ulinzi wa Kansas City Chiefs. Greene, kwa misimu 17, hakuwahi kufikishwa hapo.

Mwaka 2003 NFL ilianza kutekeleza kanuni iliyopewa jina la Dan Rooney wa Steelers, ambayo wakati huo ilizilazimu timu kumhoji angalau mwaniaji mmoja kutoka jamii za wachache nafasi ya kocha mkuu ilipokuwa wazi. Mwaka 2007 Steelers walimwajiri Mike Tomlin, kocha wao mkuu wa kwanza mweusi. Naye alitokea kwenye uratibu wa ulinzi wa Minnesota Vikings.

Kanuni hiyo ilipanuliwa kugusa nafasi za waratibu mwaka 2020 pekee. Kwa Greene, aliyezaliwa 1946, kidato hicho kilikuwa kimechelewa mno.