Diski Mbovu Isiwe Kisingizio



Wenzetu waliofanya kazi viwandani na mashambani miaka ya 1990 sasa wanadai akiba yao ya uzeeni. Katika ofisi moja ya mwajiri hapa Nakasero wamejibiwa: "Hesabu zenu zilikuwa katika kompyuta ya zamani ya DOS. Diski imekufa." Wazee wamerudi nyumbani mikono mitupu.

Sisi tunasema jibu hilo halitoshi. Kwa sheria ya NSSF, mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, naye huongeza asilimia 10 yake. Aliyekabidhiwa kukata hawezi kujitoa kwa kusema mashine imesahau.

Tena, diski kuonyesha kosa siyo kufa. Mara nyingine ni vumbi, au kichwa cha kusomea kimechafuka, na diski hiyo hiyo husomeka katika mashine nyingine. Hata faili lililofutwa huenda bado limo. DOS huondoa herufi ya kwanza tu ya jina lake katika orodha, ikahesabu nafasi yake kuwa wazi. Maandishi yenyewe hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Toleo la 5 la MS-DOS, la mwaka 1991, lilikuja na amri ya UNDELETE kwa kazi ya kuyarudisha.

Kinachoua kumbukumbu ni haraka. Karani akiandika mambo mapya katika diski hiyo, ya zamani hupotea kabisa. Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

Kwanza, diski izuiwe isiandikwe, kisha inakiliwe nzima.

Pili, amri ya CHKDSK itolewe kwanza bila /F, ili ionyeshe makosa pasipo kubadili kitu. Matengenezo yafanywe katika nakala tu. Vipande vitakavyookotwa huwekwa katika mafaili yenye mwisho wa .CHK, yasitupwe kabla ya kusomwa.

Tatu, mwakilishi wa chama awepo kazi hiyo inapofanyika.

Nasi tuna wajibu wetu. Kila mmoja atunze hati zake za mshahara, barua ya kuajiriwa na kitambulisho cha kazi. Kuiachia kumbukumbu ya jasho letu kwa mwajiri peke yake ni kumkabidhi fisi bucha.

Mwenye hati yoyote ya miaka hiyo ailete kwa katibu wa tawi lake, ili wazee hawa wapate haki yao.