Kufuli la Kivinjari Halimjui Mwenye Nyumba



Leo twaanza kwa kuomba radhi. Miaka michache iliyopita, katika safu hii hii, tuliwaandikia kwamba kabla ya kuandika siri yoyote katika tovuti, mtazame juu ya ukurasa kama pana alama ya kufuli. Likiwepo, tulisema, endeleeni bila wasiwasi. Maneno yale yalikuwa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imemgharimu mtu tunayemheshimu sana.

Mzee huyo ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye alianza kutumia kompyuta baada ya kustaafu, na makala za safu hii huzikata akazihifadhi katika jalada. Januari, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, mjukuu wake alikuwa safarini, na mzee akaona amtafutie. Aliandika maneno ya kutafuta matokeo katika kivinjari chake, akabonyeza jibu la kwanza lililojitokeza, ukafunguka ukurasa wenye nembo ya Baraza la Mitihani, ukimtaka aingie kwa anwani ya barua pepe yake pamoja na nywila. Mzee akasita. Akafungua jalada, akasoma makala yetu, akatazama juu: kufuli lipo. Akaandika.

Siku ya tatu, mdogo wake aliyeko Maskati alipokea barua pepe kutoka katika anwani ya kaka yake, ikimwita kwa jina la utotoni. Kaka amelazwa, simu yake imeharibika, na fedha zinahitajika kabla ya Alasiri. Jina lile la utotoni wezi walilikuta katika barua za zamani za ndugu hao wawili. Yule bwana akatuma fedha, na ilikuwa ada ya shule ya bintiye. Ikapita wiki nzima ya maneno mazito kati ya Maskati na Dar es Salaam, mmoja akidhani amechezewa na nduguye wa tumbo moja.

Mzee hakutulaumu. Alikuja na jalada lake kwapani, akaketi, akauliza: "Wanangu, kufuli nililiona kwa macho yangu. Sasa lilikuwa linafunga nini?"

Swali hilo tulistahili kulijibu tangu mwanzo. Kufuli hufunga njia. Maneno unayoyaandika hutiwa katika mfano wa bahasha yenye lakiri, hata mtu aliye katikati ya safari, kama vile mwenye mtandao wa mgahawa uliomo, asiweze kuyasoma. Kazi hiyo ni kubwa na haifai kudharauliwa. Lakini bahasha yenye lakiri yaweza kabisa kuwa imeandikiwa mwizi, naye ataipokea ikiwa salama, haijaguswa na mtu. Cheti kinacholeta kufuli hilo hupatikana bila malipo tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na mwenye kukitoa huuliza jambo moja tu: je, anwani hii ya tovuti imo mikononi mwako? Haulizi kama wewe ni mwaminifu. Wezi nao wanavyo vyeti hivyo.

Hatukuwa peke yetu katika kosa hili. Kampuni ya Google iliwahi kueleza kwamba katika utafiti wake wa mwaka 2021, ni asilimia 11 tu ya walioulizwa walioelewa sawasawa maana ya kufuli. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikaliondoa kufuli katika Chrome ya kompyuta, na mahali pake ikaweka alama ya vijistari viwili vyenye vitufe. Kwa hiyo msomaji asiyeliona tena asishtuke, na anayeliona katika kivinjari kingine asilipe sifa lisilokuwa nayo.

Basi tutazame nini? Tutazame anwani, nayo ina kanuni ambayo watu wetu wanaifahamu kuliko wanavyodhani. Sisi huitana Salim bin Said bin Khamis: kwanza mtoto, kisha baba, kisha babu. Ukitaka kujua mtu ni wa ukoo gani, huishii kwenye jina la mbele, kwa kuwa akina Salim ni wengi. Wasogea hadi mwisho wa nasaba. Anwani ya tovuti nayo ni nasaba, na kila nukta ni "bin". Anwani ya Baraza la Mitihani ni necta.go.tz, yaani Necta bin Go bin Tz. Tz ni Tanzania, na ukoo wa go.tz hupewa taasisi za serikali peke yake. Majirani zetu wa Kenya wana wao wa go.ke. Vyuo vikuu vyetu viko chini ya ac.tz na shule chini ya sc.tz. Ukoo wa com, kwa upande wake, ni soko huria: yeyote mwenye fedha kidogo hujinunulia jina humo, mwema na mwovu.

Mwizi hawezi kujiandikisha katika ukoo wa go.tz, lakini hakuna kinachomzuia kumpa mtoto wake jina la watu wengine. Tuseme jina lake ni Fulani, na amenunua fulani.com. Anaweza kuandika mbele yake apendavyo, ikawa necta.go.tz.fulani.com. Jicho lenye haraka huona necta.go.tz likaridhika. Lisome kwa nasaba: Necta bin Go bin Tz bin Fulani bin Com. Huyo ni mtoto wa Fulani, hana uhusiano na serikali hata chembe. Kistari kifupi nacho hakikati nasaba: necta-go-tz ni jina moja tu refu la mtu mmoja, kama ambaye angejiita Salimbinsaid ili adhaniwe mtoto wa Said.

Mwisho wa nasaba ni mkwaju wa kwanza unaokutana nao baada ya jina. Yote yaliyo kulia kwa mkwaju huo ni vyumba ndani ya nyumba, na mwenye nyumba huviita atakavyo, usiyahesabu. Katika simu anwani mara nyingi huonekana imekatwa kwa udogo wa kioo, hivyo gusa anwani yenyewe ipate kufunguka yote, kisha uisome kwa utulivu. Na majibu ya juu kabisa katika utafutaji mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Kuwa wa kwanza kwenye foleni hakumfanyi mtu kuwa ndiye.

Kuna shahidi mwingine ambaye wazee wengi humkataa kwa hofu, nasi twadhani wanakosea. Kivinjari kikiuliza kama kiikumbuke nywila yako, katika kompyuta ya nyumbani ambayo ni yako na ina nywila ya kufungulia, ni heri kukubali. Kivinjari hakidanganywi na nembo. Hukumbuka nasaba ile ile ulipoandika siri yako mara ya kwanza, na kikifikishwa kwa Fulani hakijazi chochote. Kimya hicho ni onyo. Katika kompyuta ya mgahawa au ya ofisi, kataa daima, tumia dirisha la faragha, na ufunge akaunti kabla ya kuinuka kitini. Mfahamu tu kwamba dirisha la faragha huficha mambo yako kwa atakayeketi baada yako, wala halikufichi kwa mwenye mtandao.

Mengine tutayapitia upesi. Ukurasa ukitokeza ghafla ukipiga kelele kwamba kompyuta ina virusi na kukutaka upige simu, funga kivinjari na usipige. Tovuti ikiomba ruhusa ya kukuletea arifa, jibu ni hapana, isipokuwa una sababu. Nyingi ya zile kelele za virusi huingilia mlango huo. Wenye kompyuta za mitumba zinazoendeshwa na Windows 7 wajue kwamba Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa mwaka 2023, na kivinjari kisichosasishwa ni ukuta wenye matundu yanayojulikana.

Na yaliyokwisha kutokea? Kwa mzee wetu tulikaa alasiri nzima. Kwa kutumia kompyuta nyingine tulibadili nywila ya barua pepe, tukaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia humo, tukaweka hatua ya pili ya uthibitisho kwa simu yake. Tukakagua pia mipangilio, tukakuta wezi wameacha amri ya kuzipeleka kwao nakala za barua zake zote, jambo ambalo kubadili nywila peke yake kusingeliondoa. Nywila ile ile alikuwa ameitumia mahali pengine pawili, tukazibadili nazo.

Kisha mzee akampigia nduguye wa Maskati, kwa sauti yake mwenyewe. Walizungumza muda mrefu, nasi tukatoka nje barazani. Fedha haijarudi. Wamepatana kwamba nusu ya ada ya binti italipwa kutoka Dar es Salaam kidogo kidogo, ingawa mdogo alikataa mwanzoni, na tangu sasa ombi lolote la fedha kati yao litangojea simu ya sauti.

Matokeo yenyewe yalikuwa wazi muda wote katika tovuti ya Baraza, bila nywila wala malipo. Mjukuu amepata daraja la pili.