Manamba Nao Walikuwa na Majina

Husikia mara kwa mara, hata kwa wasomi wenzangu, kwamba sanaa ya kisasa ni mali ya Ulaya na Mwafrika aliyemo ni mgeni mwalikwa tu. Naikataa kauli hiyo, na ushahidi wangu nauanzia hapa Pongwe.

Barabara itokayo Pongwe kwenda Muheza imepita katika nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yakajazwa vibarua wa mkataba kutoka mbali, wakiwamo Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alitambuliwa kwa namba yake. Ni katika Wamakonde wahamiaji ambamo Samaki Likankoa, jijini Dar es Salaam, miaka ya 1950, alizusha mtindo wa sanamu za shetani. Huo ulikuwa usasa kamili, uliobuniwa ugenini na watu walioondolewa kwao na kazi. Sisi tunauita "vinyago vya watalii".

Sasa mtazame Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kulelewa Uingereza. Mwaka 2004 alionyesha Naming the Money: maumbo 100 yenye kimo cha mtu, ya watumwa wa Kiafrika katika kasri za Ulaya, kila mmoja akirudishiwa jina lake la asili kando ya lile alilobandikwa. Mwaka 2017 akatunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Tukashangilia: "Ni wetu!"

Wetu kwa lipi? Aliyowatendea watumwa wa Ulaya, sisi hatujawatendea manamba wa Tanga. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Sisi humtunza akishatunzwa London. Na hili ni pwani ambako hata kanga haikamiliki bila jina!

Ndugu msomaji, wauzaji watasema mnunuzi haulizi nani kachonga. Haulizi kwa sababu hatujamzoeza kuuliza. Kila duka liandike jina la mchongaji juu ya kinyago. Kila shule ya Tanga ifundishe habari za Wamakonde wa mkonge katika somo la sanaa, si katika somo la kilimo pekee. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumerithi daftari la mnyapara, na namba zake zote.