Majina ya Miji Iliyohamwa

Atakaye kujua ukoo wake katika Mji wa Kale wa Mombasa asitosheke na jina la baba na la babu. Wenyeji wa Mvita ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Thalatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Hao Wakilindini zamani walikuwa na mji wao upande wa magharibi wa kisiwa. Siku hizi jina la Kilindini humkumbusha mtu meli na mizigo tu!

Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakatwa, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka na Wagunya. Mengi katika majina hayo ni ya miji ya pwani, tangu Mtwapa hata Pate na Faza. Watu walihama kwa vita na shida nyingine, wakaja kisiwani, lakini jina la kwao hawakuliacha nyuma. Hata Wamazrui, ambao utawala wao ulikoma mwaka 1837, iliwapasa kushauriana na wakuu wa mataifa hayo.

Mtoto shuleni huandikwa jina lake, la baba na la babu, taifa halimo. Habari hizi zimo vinywani mwa wazee, hasa kina bibi, wakumbukao nani alimwoa nani. Huko Mtwapa kuta za msikiti na nyumba zingali zasimama mitini, karibu na hori. Kijana wa Kimtwapa aendaye Malindi kwa basi hupita jirani nazo, asijue kwamba ni kwao.