Istilahi Si Hirizi

Limezuka miongoni mwa wataalamu wetu wa kompyuta kundi linaloona fahari kutoeleweka. Huko Marekani mtu aliyezama katika mitambo alipewa jina la kejeli. Baadaye jina lile likageuzwa nishani. Vijana wetu wameiazima nishani hiyo pamoja na istilahi zake: pingi, paketi, getiwei. Mwananchi wa Bagamoyo akiuliza kwa nini hati yake haitoki, hujibiwa "mtandao unasumbua", na mazungumzo yamekwisha.

Je, maneno hayo yana siri gani? Hayana. Paketi ni kifurushi tu. Mwingereza Donald Davies alilichagua neno hilo katika miaka ya 1960, kwa kuwa ujumbe hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikasafirishwa peke yake. Pingi ni jina alilolitoa Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, akiiga mlio wa chombo kinachotafuta vitu baharini kwa mwangwi. Getiwei ni lango. Waliotunga waliokota maneno ya nyumbani kwao, wakaeleweka. Sisi tumebeba ganda, kiini tumekiacha.

Wako watakaosema kuwa Kiswahili hakina uwezo. La hasha! Tazama pwani yetu kutoka Bagamoyo hadi Saadani na Pangani. Baharia anao mkuku, foromali, demani na joshi, nazo ni istilahi za ufundi mgumu. Wala hatuyakatai maneno ya kigeni. Nahodha na bandari yametoka Uajemi. Lakini nahodha humshikisha mwanafunzi kamba huku akiitaja jina. Hamfichi, maana chombo kikienda mrama huzama wote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Basi uwezo upo. Kinachopungua ni nia.

Hirizi huheshimiwa kwa sababu imeshonwa, na aivaaye hajui kilichomo. Elimu haivaliwi hivyo. Mtaalamu asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya umma ama hajalielewa, ama anawanyima wenziwe. Walimu, msimhesabu mwanafunzi kuwa ameijua kompyuta kwa kukariri majina yake. Mwambieni akamweleze bibi yake paketi ni nini. Bibi akielewa, kijana amefuzu.