Hautaomoka na Ditekta ya 15,000

Wiki hii watu saba wamenitumia video moja. Msee amesimama kwenye shamba, ameshika ditekta, inalia tiiit, anachimba kidogo tu, anatoa kipande cha dhahabu kama punje ya mahindi. Chini ameweka linki ya kununua. Wote saba wananiuliza swali moja: "Bro, ninunue?" Wanne wako Nyatike, wawili Homa Bay, na wa saba ni mtoto wa shangazi yangu, amemaliza Form Four juzi tu, anataka kukopa pesa ya chama ya mamake.

Jibu langu ni hapana. Na kwa sababu mimi pia natengeneza kontenti, najua hiyo linki inafanya kazi aje. Mwenye video analipwa ukinunua. Kama utapata dhahabu ama utapata misumari, hiyo si shida yake.

Wacha nianze na aibu yangu. Nilipotoka chuo mwaka wa pili juu ya karo, nilibaki na 22,000. Mama aliuza mbuzi wawili ndio nirudi darasani, ikawa bado haitoshi. Nikajiambia nizungushe hiyo pesa kwanza. Nikanunua mtandaoni kifaa chenye antena mbili, muuzaji akaniapia kinanusa dhahabu kutoka nusu kilomita. Nilitembea nacho siku tatu. Kilikuwa kinageuka popote mkono wangu ulipoinama. Siku ya tatu kilinielekeza moja kwa moja kwenye choo cha jirani. Nilipopiga simu, namba ilikuwa imezimwa. Mama hajawahi kuniuliza mbuzi walienda wapi, na hiyo ndiyo inauma zaidi.

Si mimi wa kwanza kupigwa hivyo. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq vifaa vya antena vilivyoitwa ADE 651, eti vinatambua mabomu. Ndani hakukuwa na chochote kinachofanya kazi. Wazo lilitoka kwa kidude cha kuchezea cha kutafuta mipira ya gofu. Polisi walivitumia kwenye vizuizi vya barabarani huku mabomu yakipita. Mwaka wa 2013 alifungwa miaka 10. Kama serikali nzima iliuziwa antena, wewe na mimi ni nani? Kwa hivyo chochote chenye antena kinachodai kuona dhahabu kutoka mbali ni fimbo ya mganga iliyowekwa betri.

Programu za simu pia, achana nazo. Simu yako ina kihisi cha sumaku, kile kinachosaidia dira. Kinaweza kushtukia kipande cha chuma kikiwa karibu. Dhahabu haivutwi na sumaku. Hiyo programu inatafuta matangazo, haitafuti dhahabu.

Sasa ditekta ya kweli. Koili inatuma mawimbi ya sumaku ardhini, yakigusa metali yanaamsha umeme kidogo ndani yake, mashine inasikia huo umeme. Ni hivyo tu. Haijui dhahabu na haijui kifuniko cha soda. Na kadiri kipande kilivyo kidogo, ndivyo sauti inavyopotea.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Dhahabu ya Migori kwa kiasi kikubwa iko ndani ya mwamba, chembe ndogo sana zilizofungiwa kwenye mawe ya kwatzi. Jiulize: kama dhahabu ya Osiri na Mikei ingekuwa vipande vya kuokota, kwa nini wamama wanakaa juani kutwa nzima wakiponda mawe? Kwa nini kuna vinu vya kusaga? Kwa nini watu wanashika zebaki kwa mikono mitupu, sumu kabisa, ndio wakusanye unga? Mnaona kazi hiyo kila siku halafu mnaamini video ya mtu ambaye hata hamjui alirekodia nchi gani. Ditekta haisikii unga. Unaweza kusimama juu ya jiwe lenye dhahabu ya kutosha na mashine inyamaze kama imelala.

Sisemi vipande havipo kabisa. Sehemu za mito vinaweza kutokea. Lakini udongo wetu una chuma kingi, na ditekta za bei ya chini zinachanganyikiwa hapo, zinalia ovyo mpaka unazima. Ukienda karibu na mgodi wa zamani wa Macalder, uliofungwa miaka ya 1960, utachimbua misumari na vipande vya bati mpaka uchoke.

Najua komenti zinakuja: "Wewe ni hater, kwa sababu ulipigwa unataka tukae maskini." Hapana. Nataka 15,000 yako ibaki yako. Sikia nafanya aje sasa.

Anza na karai. Karai, sepeto, nyundo na ndoo ya maji. Chukua mchanga wa kijito, osha polepole, angalia mkia unaobaki chini. Karai inaona unga ambao ditekta haiwezi kuusikia, na haihitaji betri. Ukipata tu vumbi, hapo ditekta ni hasara. Ukianza kuona punje nzito, za kushika kwa kidole, ndio tuongee mashine.

Na tukiongea, tuongee mashine inayofaa. Vipande vidogo vinahitaji masafa ya juu. Gold Monster 1000 ya Minelab, kwa mfano, inatumia 45 kHz, wakati nyingi za bei rahisi ziko karibu na 7 kHz, za kutafutia sarafu. Lakini huko nje bei yake iko juu sana, kabla ya usafiri. Hiyo si pesa ya mtu mmoja wa rika letu. Jiungeni watano, ama mkodishe kwa siku. Na kabla ya kulipa, jaribuni: kata kipande cha risasi ile ya kuzamishia nyavu, saizi ya punje ya mchele, fukia sentimita tano kwenye udongo wa kwenu. Mwambie muuzaji aitafute. Akianza hadithi, rudi nyumbani.

Nyinyi wawili wa Homa Bay mna nafuu kidogo. Ziwa letu ni la maji baridi, haina chumvi ya kusumbua koili, kwa hivyo mashine rahisi inaweza kuokota sarafu na mikufu ufukweni. Hiyo ni hobi nzuri. Usiikopee.

Na jambo la mwisho. Sheria ya Madini ya 2016 inataka uwe na kibali hata kama unachimba kwa mikono, na shamba lina mwenyewe, muombe kwanza. Thimlich Ohinga na maeneo ya visukuku ya Rusinga yanalindwa na sheria ya turathi ya 2006. Usipeleke jembe huko.

Kwa binamu yangu: hiyo ni pesa ya chama, omera. Wamama kumi wameiweka shilingi kwa shilingi. Ikipotea, si wewe utakayeulizwa kwenye mkutano, ni mamako. Mimi nishaona mama akinyamaza, sitaki uone wako. Jumamosi njoo Nyatike na karai, mimi nitaleta ndoo. Tuoshe mchanga mpaka jioni, halafu uamue.