Mgonjwa wa saratani akirudi nyumbani, dawa ya maumivu imfuate

Hapa tumefika mwisho, mpelekeni nyumbani mkamtunze. Familia nyingi zenye mgonjwa wa saratani zinaijua kauli hii. Hutamkwa mbele ya ndugu wengi, lakini anayebaki nayo kwa kawaida ni mmoja, naye ni mke au mume wa mgonjwa. Yeye ndiye atakayelala chumba kimoja na mtu ambaye ugonjwa umemwingia mifupani, na ndiye atakayeamka saa nane za usiku mwenzake anapolia, akiwa hana chochote isipokuwa panado. Tunasema bila kumung'unya maneno: kumruhusu mgonjwa mwenye maumivu makali aende nyumbani bila dawa ya kuyatuliza ni kumtelekeza, hata kama fomu zote zimejazwa na kugongwa mihuri.

Hakuna anayeweza kujitetea kwamba njia haijulikani. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kuwa maumivu ya saratani yatulizwe kwa ngazi: dawa za kawaida yakiwa madogo, na mofini yanapokuwa makali. Mofini imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ilipotolewa mwaka 1977. Huweza kutengenezwa kwa unga na maji, ikanywewa nyumbani bila sindano wala kitanda cha hospitali. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ambao wengi huuona kuwa wa makatazo tu, unatamka katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba mataifa yahakikishe zinapatikana kwa ajili ya tiba. Anayefunga kabati kwa hofu ya mateja huku mgonjwa akigaagaa ametimiza nusu ya wajibu wake, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu mgonjwa.

Umaskini nao hautoshi kuwa udhuru. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani mwao. Mwaka 2004 Uganda ilikwenda mbali zaidi, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa vijijini. Jirani yetu hakungoja kutajirika ndipo aamue. Pamoja na mfano huo, Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini hupata tani 0.1 tu. Pengo hilo halitazibwa na huruma za wafadhili. Litazibwa na serikali zinazoagiza dawa, zinazoilipia na kuisambaza hadi kwenye zahanati.

Hapa Tanzania tuna Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Taasisi hizi zinatibu saratani, nasi tunazithamini. Lakini mwanamke wa Kigoma anayemuuguza mumewe mwenye saratani ya tezi dume hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kila chupa inapokwisha. Chupa hiyo anapaswa kuipata wilayani kwake. Halmashauri ziiweke mofini ya kunywa katika maombi yao ya Bohari ya Dawa, na kila Mganga Mkuu wa Wilaya ajue idadi ya wagonjwa wa saratani waliorudishwa katika eneo lake na wanaishi kijiji gani. Kama kuna kanuni inayomzuia muuguzi aliyefundishwa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, asimpe mgonjwa wa aina hiyo dawa, ipitiwe upya. Utekelezaji wa bima ya afya kwa wote uhesabu dawa hii na ziara za nyumbani kuwa haki ya mgonjwa.

Daktari anayetia saini ya ruhusa ana wajibu wa kumfundisha anayekwenda kuuguza. Amweleze kwamba mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi, na amwambie dozi ya wakati wa kulala ni ipi ili wote wawili wapumzike. Amwelekeze la kufanya maumivu yakichomoza kabla ya saa. Ampe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo. Amtoe hofu kwa kumweleza kwamba usingizi wa siku za mwanzo hupungua, lakini amwonye kuwa mgonjwa asiyeamshika au anayepumua polepole mno anahitaji msaada wa haraka. Amweleze pia kwamba miguu ikipoteza nguvu ghafla, hospitali ni siku hiyo hiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa. Maumivu ya mifupa mara nyingi hupungua hata kwa mionzi ya dozi moja. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba hakuna la kufanya ni kumnyima ukweli.

Nyumba nayo ina wajibu wake, na hapa hatutawaonea haya wanaume. Wapo wanaume ambao mke akipata saratani ya mlango wa kizazi humrudisha kwa wazazi wake, wakisema kuuguza ni kazi ya wanawake au hawaiwezi harufu. Harufu ina tiba: vidonge vya metronidazo vilivyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, huipunguza. Anayemkimbia mke kwa sababu hiyo amevunja ahadi aliyoitoa mbele ya Mungu na mbele ya watu, na wazee wa ukoo wamwambie hivyo ana kwa ana.

Ndugu nao waache kumpokonya mgonjwa dawa kwa madai kwamba mofini ni dawa ya kufia au kwamba atakuwa teja. Kinachomuua ni saratani. Mofini inayotolewa kwa kipimo humwezesha kula, kulala, kusali na kuzungumza na watoto wake. Chupa ifungiwe mbali na watoto, isigawiwe wala kuuzwa. Viongozi wa dini wanaofika kuombea waulize pia kama mgonjwa amekunywa dawa yake. Jamaa wanaosubiri kuja kwa wingi msibani waje sasa, wakeshe kwa zamu, kwa sababu mwenzi asiyelala kwa wiki kadhaa ataugua naye.

Tunaitaka Wizara ya Afya iagize kwamba hakuna mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali atakayeruhusiwa kutoka hospitali yoyote ya umma au binafsi bila dawa ya kumtosha, maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na namba ya simu ya mhudumu atakayepokea hata usiku. Agizo hilo likaguliwe kila robo mwaka, na mganga mfawidhi asiyelitekeleza awajibishwe. Kuuguza ni wajibu wa mwenzi. Kumpa dawa ya kuuguzia ni wajibu wa dola, na dola haiwezi kumkabidhi mwenzi wajibu huo.